Land Rover 109 ya paa gumu ina kelele ndani: isikilize kabla hujaiziba

Mwenye Land Rover ya zamani akikulalamikia kelele, usimwulize ni kubwa kiasi gani. Mwulize inasemaje. Kuna inayonguruma mpaka masikio yanaziba, kuna inayolia nyembamba kama mbu chini ya kiti, kuna inayogonga mara moja ukiachia klachi, na kuna mluzi unaoanza ukivuka kilomita 60 kwa saa. Hayo ni magonjwa manne tofauti, na sponji la dukani linatibu mojawapo tu, tena kwa nusu.

Ninaandika kuhusu Series III ya inchi 109 (umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma), zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, yenye injini ya lita 2.25 na paa gumu la bati lililofungwa kwa bolti. Yangu ni ya dizeli. Mwenye Series II, IIA au ile fupi ya inchi 88 atakuta karibu kila kitu hapa kinamhusu. Mwenye Defender, Land Rover ya baadaye, asome ya upepo na ya paa. Ya chini ya gari ayapite kwa tahadhari, maana springi zake ni za koili na magurudumu yake manne yanavuta muda wote.

Gari hili lilibuniwa ili lifunguke. Sakafu ya mbele, kifuniko cha giaboksi na boksi la viti vyote vimeshikwa kwa bolti ndogondogo, kwa sababu giaboksi ikitolewa kwa kawaida hupitia ndani ya kabini. Fundi anashukuru, masikio yanaumia, kwani kila kiungo ni ufa. Na ufa mdogo hauna hasara ndogo: ukuta wenye uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake hauwezi kupunguza sauti kwa zaidi ya desibeli 20, hata ukiujenga kwa zege.

Kwa hiyo kazi ina mpangilio wake. Kwanza tengeneza kinachopiga kelele, kisha ziba matundu, kisha ongeza uzito kwenye bati, na sponji lije mwisho. Wengi wetu huanza na la mwisho kwa sababu ndilo linalouzwa. Mimi nilianza hapo hapo, na hasara yangu nitaisimulia tukifika kwenye paa.

Vipimo vya bure kabla ya kushika spana

Tafuta barabara iliyonyooka, tambarare, isiyo na magari. Chukua mtu wa kukaa pembeni, maana dereva hawezi kuendesha na kupapasa bati kwa wakati mmoja. Simu yenye programu ya kupima desibeli inatosha. Namba yake huenda isiwe sahihi kamili, lakini simu ileile, mahali palepale, barabara ileile itakuonyesha kama umepunguza au umejidanganya. Ikikaa juu ya 85 na safari zako ni za siku nzima, masikio yanahitaji kinga wakati unaendelea kutengeneza.

Ukiwa kilomita 60 kwa saa, kanyaga klachi, achia moto (pedali ya mafuta), injini irudi sailensa, yaani mzunguko wake wa chini kabisa. Kelele ikiisha, tafuta kwenye injini, eksozi na mipira inayoshikilia injini. Ikibaki vilevile, shuka chini: matairi, beringi za magurudumu, difu (gia zilizo katikati ya ekseli), propela (mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli). Ikibadilika tu unapovuta au unapoachia moto, shuku gia na difu. Usizime swichi gari likiwa linatembea ili kupata kimya zaidi. Series III ina kufuli ya usukani kwenye swichi, na ukipitiliza ufunguo usukani unaganda.

Kipimo cha pili: gari limesimama, gia huru, pandisha moto polepole hadi mzunguko uleule wa barabarani. Ngurumo ikitokea ukiwa umesimama, magurudumu hayana kosa.

Cha tatu ni cha usiku. Weka taa kali ndani ya kabini, funga milango, zunguka nje na uchungulie hadi chini ya gari. Panapopita mwanga panapita sauti. Na kama unaishi kwenye vumbi jekundu, hata taa huihitaji. Endesha nusu saa kwenye barabara kavu, kisha tazama ndani: vumbi limechora mstari mahali pa kila ufa. Usifute kabla hujapiga picha.

Dalili: kelele ya injini inaingia kama vile hakuna sakafu

Hili ndilo lalamiko la kwanza kwa wingi, na ndilo lenye faida kubwa kwa pesa ndogo. Dereva anasema hasikii abiria wake, miguu inaungua, na viatu vinajaa vumbi.

Mara nyingi kosa ni mpira wa kuzunguka fimbo za gia. Kuna fimbo kuu, kuna ile ya kitufe cha njano ya kuingiza magurudumu ya mbele, kuna ile nyekundu ya gia nzito (za mwendo mdogo wenye nguvu), na pembeni kuna hendibreki. Kila moja imetoboa sakafu, na kila moja ilikuwa na buti lake la mpira. Baada ya miaka 40 buti limekatika, au fundi wa mwisho alilitoa akaliacha gereji. Weka mkono juu ya tundu injini ikinguruma. Ukihisi upepo wa moto, umeshampata mwizi wa kwanza. Buti jipya ni bora. Likikosekana, kipande cha tyubu ya tairi kilichokatwa na kukazwa kwa klipu kinafanya kazi ya kueleweka.

Wa pili ni bolti zilizokosekana. Tembeza macho kwenye kingo za sakafu na kifuniko cha giaboksi uhesabu matundu matupu. Nimeona gari lenye sakafu iliyoshikwa na bolti tatu na uzito wa miguu ya dereva. Bolti hizi ni za robo inchi na kichwa chake kinataka spana ya 7/16 ya inchi. Namba 11 ya milimita hubana, na 12 hukata kona. Kabla ya kurudisha sakafu, bandika kwenye kingo zake ukanda wa sponji lisilonyonya maji, lile lenye vitundu vilivyofungwa. Ukilikandamiza ndani ya maji na kulitoa, halidondoshi tone. Unene wa milimita 5 hivi unatosha. Ukizidisha, sakafu haikai na bolti za kona zinakunja bati.

Kisha ukuta wa mbele, ule wa chuma unaotenganisha miguu na injini. Pedali, nguzo ya usukani, waya, mabomba ya hita, na matundu ya vitu vilivyowahi kufungwa na mwenye gari wa zamani: redio ya upepo, swichi za taa za ukungu, Mungu ndiye ajuaye. Tundu tupu lizibe kwa kizibo cha mpira. Tundu lenye waya liwekewe mpira wa mzunguko, si silikoni pekee, kwa kuwa kingo za bati husaga waya mpaka zigusane.

Hapa kuna matundu yasiyozibwa. Tundu la chini kwenye nyumba ya flaiwili ni la kutolea oili na maji, na matundu ya chini ya milango na kingo za sakafu ni ya kutolea mvua. Ukiyaziba, kimya utakachopata kitakuja na kutu.

Na usitoboe boksi la viti bila kujua kilicho chini. Kwenye 109 ya paa gumu isiyo na viti vya abiria nyuma, tangi la mafuta kwa kawaida liko chini ya kiti cha mbele. Drili na cheche havina kazi pale. Gundi ya kubandikia pia hutoa mvuke unaoshika moto, kwa hiyo fungua milango yote na utoe waya wa betri.

Matundu yakishazibwa, ndipo uzito una maana. Bati la alumini la gari hili lina unene wa zaidi kidogo ya milimita moja, yaani kilo 3 hivi kwa mita ya mraba. Ukiongeza uzito mara mbili unapata, kwa makadirio ya juu, desibeli 6. Sakafuni huna haja ya bidhaa ya nje. Mpira wa mikanda ya kusafirishia kokoto, uliochakaa upande mmoja, ni mzito, haunyonyi maji, na unaoshwa kwa ndoo. Kati yake na bati weka lile sponji lisilonyonya, ili mpira uelee badala ya kutetemeka pamoja na sakafu. Upande wa bomba la eksozi acha nafasi, au weka kitambaa kinachostahimili moto. Mpira ukinusa kama pancha ya kuchomwa, uondoe.

Dalili: ngurumo nzito kwenye spidi moja tu, masikio yanaziba

Inakuja, tuseme, kwenye kilomita 55, inakaa hadi 65, inaondoka. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 2,400 kwa dakika hutoa mapigo 80 kwa sekunde, na bati kubwa bapa linapopenda pigo hilo hulijibu kama ngoma. Kinachopiga ngoma ni kingine, na ndicho cha kuanza nacho.

Angalia eksozi. Gari likiwa limepoa, shika bomba ulitikise. Likigusa chesisi, au mpira wa kuning'inizia umekatika na mtu akafunga waya, mtetemo wote unapanda kwenye bodi. Tafuta alama ya chuma kinachong'aa, maana kinachogusana hujisugua. Hii ni kazi ya dakika 20, na kwa uzoefu wangu inamaliza ngurumo kwa magari mengi kuliko paa.

Kisha mipira inayoshikilia injini na giaboksi. Ikilowa oili miaka mingi hulainika na kuachana na chuma chake. Tazama kwa tochi: mpira uliopasuka au uliokaa kama keki iliyokandamizwa ubadilishwe, na ubadilishe jozi. Dizeli huila mapema zaidi kwa sababu ya mtikisiko wake. Kubadilisha kunataka injini inyanyuliwe kidogo, na kama huna jeki ya kuaminika na vigingi vya kuegemezea gari lililoinuliwa, hiyo ni kazi ya gereji.

Sasa paa. Mwambie abiria abonyeze dari kwa viganja viwili wakati ngurumo iko juu. Ikipungua au ikibadilisha sauti, bati linapiga. Kagua kwanza bolti: paa limefungwa kwenye fremu ya kioo cha mbele na kwenye kuta za pembeni, na kuta nazo zimefungwa kwenye kingo za bodi ya nyuma, kila kiungo na mpira wake. Mpira uliokauka unaacha alumini ikae juu ya alumini. Kaza kwa mkono mwepesi, uipe kila bolti nusu mzunguko kwa zamu. Bolti ikizunguka bila kukaza, usilazimishe. Kama gari lako lina paa la pili la kukinga jua, lile la nchi za joto, kagua vitenganishi vilivyo kati ya bati mbili. Kimoja kikilegea paa zima huimba.

Baada ya hapo bandika karatasi nzito ya kuua mtetemo. Si lazima uezeke dari yote. Theluthi hadi nusu ya kila bati, katikati yake, inatosha, kwa sababu katikati ndipo panapocheza. Safisha kwa spiriti, pasha moto kidogo, kandamiza kwa rola mpaka alama zilale.

Na hapa ndipo hasara yangu. Nilitaka kuokoa pesa, nikanunua mkanda wa lami wa kuzibia paa za nyumba, ule wenye karatasi inayong'aa upande mmoja. Fundi aliniambia ni kitu kilekile. Siku mbili gari lilikuwa kimya kiasi cha kunifanya nijisifu. Siku ya tatu tuliegesha Same mchana, tukala, tukarudi. Karatasi mbili zilikuwa zimelala juu ya kiti cha shemeji, na ya tatu ilimsubiri akae ndipo ishuke shingoni. Lami ile ni nzuri kwenye sakafu ya nyuma isiyopata joto. Darini weka ya mpira wa butili, au usiweke kitu.

Dalili: mlio mwembamba unaopanda na spidi, kutoka chini ya viti

Tulia kwanza. Giaboksi na transfa (boksi la gia la nyuma yake, linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma) za Series hulia hata zikiwa mpya, na kuwa na mlio si ugonjwa. Ugonjwa ni mlio uliobadilika: mwezi uliopita haukuwepo, au leo unaambatana na mkwaruzo.

Anza na oili, kwa sababu ni rahisi na kwa sababu gari hizi zinavuja. Giaboksi, transfa na difu kila kimoja kina oili yake na kizibo chake cha kupimia. Gari likiwa tambarare, fungua kizibo. Oili ya EP90 inapaswa kufika ukingo wa tundu. Kabla ya kufungua cha kumwagia, hakikisha cha kujazia kinafunguka. Ukiijua sababu kwa kujifunza njiani, umeshalala huko.

Unapojiingiza chini, weka vizuizi kwenye magurudumu. Hendibreki ya Series haishiki magurudumu. Iko nyuma ya transfa na inashika propela ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu inaliachia lizunguke na gari linaweza kuondoka huku hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Wazee waliojua magari mengine kwanza ndio wanaosahau hili.

Kama oili iko sawa, soma mlio unakuja lini. Ukija kwenye gia moja tu ya giaboksi, ni gia au beringi ya humo. Ukiwepo kwenye gia zote, ukiongezeka na spidi ya gari, ni transfa au difu. Ukilia wakati wa kuvuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake, difu ndiyo mtuhumiwa mkuu. Hakikisha pia hukusahau magurudumu ya mbele yakiwa yameingizwa, yanavuta, ukiwa kwenye lami. Ile fimbo ya njano ikishabonyezwa haitoki kwa kuivuta. Simamisha gari, vuta nyekundu nyuma hadi gia nzito, kisha irudishe mbele.

Simama na umwite fundi kama oili iliyomwagika ina vipande vya chuma vinavyoshikika kwa vidole (unga mwembamba wa kung'aa kwenye sumaku ni wa kawaida), kama gia inajitoa yenyewe, au kama mlio umegeuka kuwa mngurumo wa kusaga. Kubandika mpira sakafuni juu ya transfa inayokufa ni kumfunga mgonjwa mdomo.

Dalili: inagonga ukiachia klachi, au inalia kwi-kwi-kwi polepole

Kwi-kwi inayofuata mzunguko wa gurudumu ni krosi ya propela (kiungo chake kinachokunjika) iliyokauka. Piga grisi kwenye nipeli zake zote mpaka ya zamani itoke. Ikinyamaza kwa wiki moja na kurudi, krosi imekwisha.

Kugonga ni uchezaji uliojumlishwa: krosi, difu, gia, bushi za springi, kidogo kidogo. Gari likiwa limefungwa vizuizi mbele na nyuma na gia iko huru, lala chini, shika propela na uizungushe huku na huku. Kinachocheza kabla ya kingine kusogea ndicho chako. Angalia pia bolti za propela na zile za U zinazoshika springi kwenye ekseli. Kama propela iliwahi kufunguliwa na sasa gari linatetemeka kuanzia kilomita 60, huenda nusu zake mbili zimerudishwa zikiwa zimepishana, wakati yoki za ncha mbili zinapaswa kutazama upande mmoja.

Kikombe cha krosi kilichopasuka au kinachotoa unga mwekundu wa kutu: usiendeshe. Propela ikikatika mbele huchimba barabara.

Dalili: inatingishika na kulia kama sanduku la vyombo kwenye barabara ya mawimbi

Toa kila kitu kisicho cha gari: jeki, spana, mnyororo, dumu, chupa ya soda iliyo chini ya kiti tangu Pasaka. Endesha tena. Utashangaa.

Kisha vioo vya kusukuma vya milango ya mbele. Vinateleza ndani ya mfereji wenye fulana ya kitambaa, na kitambaa kikioza kioo kinabaki kinapiga chuma. Kibonyeze kwa kidole ukiwa unaendesha. Kikinyamaza, badilisha mfereji wote. Kabari ya sponji inafaa kwa safari moja tu, kwa sababu inashika maji na mfereji wa chuma unaoza zaidi.

Sehemu ya juu ya mlango ni kipande tofauti kilichofungwa kwa nati mbili kwenye sehemu ya chini. Nati hizo hulegea, na watu huzisahau kwa kuwa mlango unaonekana kitu kimoja. Baada yake, bawaba na kipokea kitasa kilicho kwenye nguzo. Kipokea hicho kina matundu marefu kwa ajili ya kurekebishwa. Kisogeze ndani milimita moja moja. Mlango ukitaka bega ndipo ufunge, umezidisha.

Tairi la akiba kwenye mlango wa nyuma huvunja bawaba zake polepole na kuufanya mlango upige. Likiwa juu ya boneti, hupigisha boneti kama mipira ya kuegemea imekwisha. Hapa sina suluhisho zuri kwa wote. Mimi nililihamishia ndani, nikapoteza nafasi ya magunia mawili.

Dalili: mluzi au upepo kuanzia kilomita 60

Nunua mkanda wa karatasi wa wapaka rangi. Funika ufa mmoja tu kwa nje, endesha, sikiliza, bandua, hamia mwingine. Anza na milango miwili midogo ya hewa chini ya kioo cha mbele, maana mipira yake hukauka na kufyonza upepo. Kisha kiungo cha paa na fremu ya kioo, kisha kingo za milango. Kwa milango, funga ukiwa umebana noti au kipande cha gazeti kwenye mpira, kisha uvute. Kikitoka bila ubishi, hapo hapabani. Rekebisha kipokea kitasa kabla ya kununua mpira mpya. Ukinunua mnene kuliko ule wa asili, mlango utafunga juu na kuachia chini.

Mlango wa nyuma nimeuweka peke yake kwa sababu si suala la kelele tu. Gari la umbo la boksi huvuta hewa nyuma yake, na ufa wa mlango ule hufyonza vumbi pamoja na moshi wa eksozi, hasa ukifungua vioo vya mbele. Moshi huo una hewa ya sumu isiyo na harufu. Abiria wa nyuma wakipata kichwa kuuma na kichefuchefu kila safari, simamisha gari, watoke wapate hewa, na usilitumie tena mpaka eksozi na mpira wa mlango vimetengenezwa. Mtu aliyelegea au kuchanganyikiwa apelekwe hospitali.

Dalili: tiki-tiki-tiki kutoka mbele

Ikiwa kali injini ikiwa baridi na kupungua ikipata moto, gasketi ya manifodi ya eksozi inavuja. Masizi meusi kwenye kiungo yatathibitisha. Ikibaki ileile, pima tapeti (visukuma vali). Nafasi yake kwa injini hii ni inchi 0.010, sawa na milimita 0.25. Sauti nzito ya kugonga kutoka chini ya injini, inayoongezeka ukivuta mzigo, si tapeti. Zima injini, piga simu.

Dalili: mvumo wa mfululizo kwenye lami

Matairi ya meno makubwa huvuma, na hakuna sponji litakaloyanyamazisha. Kama unaishi mjini na unaenda shamba mara mbili kwa mwezi, badilisha aina ya tairi. Lakini yumbisha gari taratibu kushoto na kulia. Mvumo ukiongezeka upande mmoja, ni beringi. Inua gurudumu, shika juu na chini, tikisa. Likicheza, mtu akanyage breki na utikise tena. Mchezo ukiisha ni beringi ya gurudumu, ukibaki kwenye la mbele ni pini za kugeuzia. Kitovu kinachochoma mkono baada ya safari fupi hakisubiri kesho.

Dalili: umeshaweka kila kitu, sasa kuna harufu au unyevu

Umeweka zulia la nyumbani au sponji linalonyonya. Alumini, chuma na kitambaa kilicholowa vikikaa pamoja, alumini huliwa na kuwa unga mweupe pale inapogusa chuma. Fungua, tupa, kausha, paka rangi, rudisha kwa kitu kisichonyonya, na usigundishe sakafuni. Lazimisha kila kipande kitoke kwa mkono, kwa kuwa siku ya kutoa giaboksi itafika tu. Kwangu panapolowa ni upande wa dereva, chini ya pedali ya klachi. Masika yakiisha ninautoa mpira, ninauanika juu ya boneti asubuhi moja, na jioni ninaurudisha.